Siku Mbili za Bethania

Somo: Yohana 11:1–36

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Lazaro wa Bethania alipougua, dada zake Martha na Mariamu walimpelekea Yesu ujumbe mfupi: "Bwana, yeye umpendaye hawezi." Basi. Hawakumwambia njoo, hawakumwambia ponya, wala hawakutangaza kwamba ndugu yao keshapona. Walimpa habari ilivyo. Na Yesu, pamoja na kuwapenda, akakaa siku 2 zaidi pale alipokuwa.

Wiki hii sijaweza kuzivuka siku hizo, maana mamangu naye anangoja majibu.

Alianza kuchoka na kuumwa mgongo, nasi nyumbani tukasema ni umri. Vipimo vilipoonyesha damu imepungua na figo zimedhoofika, daktari akataja mailoma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho wa mifupa. Alituambia bado ni shaka tu, kwamba damu hupungua kwa sababu nyingi, hata kwa kukosa madini ya chuma. Lakini saratani ikishatajwa, mengine yote yanapita masikioni.

Siku ya kutolewa uboho, Mama alilala ubavu, akadungwa ganzi, kisha sindano nene ikaingizwa kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma. Ganzi huzuia uchungu wa ngozi na mfupa kwa juu. Uboho unapovutwa, mtu anausikia. Alinibana vidole hadi pete ikaniachia alama, midomo ikisema "Yesu, Yesu" bila sauti. Kisha akalazwa chali ili uzito wake ukandamize kidonda kisivuje.

Kipande cha mfupa kilichotolewa pamoja na uboho hakisomwi siku hiyohiyo. Hulainishwa kwanza, kikakatwa vipande vyembamba sana, kikatiwa rangi, ndipo mtaalamu akachunguza seli kwa hadubini. Damu na mkojo navyo hupimwa kutafuta protini isiyo ya kawaida. Kuelezwa hayo kulinituliza kuliko maneno mengi ya faraja, kwa sababu nilijua kuna mtu mahali fulani anaishughulikia sampuli ya Mama.

Sasa niseme jambo kwa upendo. Simu zinaingia kutwa: "Mama, kataa hiyo ripoti, pokea uponyaji wako." Najua zinatoka moyoni. Ila mgonjwa akiambiwa hivyo huanza kuficha maumivu asije akaonekana hana imani. Nimemwona Mama akitabasamu na wageni sebuleni, halafu chumbani anashindwa hata kujigeuza kitandani. Na anayemshauri mgonjwa aache vipimo kwa sababu ameombewa, huyo anampoteza. Paulo alitembea na Luka, akamwita tabibu mpendwa.

Turudi Bethania. Yesu alipofika, Lazaro alikuwa kaburini siku 4. Martha akamwendea peke yake, baadaye Mariamu, na kila mmoja akasema maneno yaleyale: Bwana, ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Nadhani ndiyo waliyokuwa wakiambiana usiku kucha kando ya kitanda cha mgonjwa. Yesu hakuwakemea kwa kusema hivyo. Alipomwona Mariamu analia, naye akalia machozi, ingawa alijua anakwenda kumfufua Lazaro.

Kwa hiyo jioni hapa Kayole hatujilazimishi tena maombi ya kishujaa. Dadangu anaunganishwa kwa simu kutoka Machakos. Mama anaomba kwanza: "Baba, mgongo unaniuma, na ninaogopa." Mimi nasema, Bwana, yeye umpendaye hawezi. Tunasema amina, tunampa uji, analala akiweza.

Najua katika ushirika wetu kuna wengine wanaongoja majibu ya mzazi. Tujuzaneni, tuombeane kwa majina.

Jumanne tunarudi kliniki ya damu kule Upper Hill. Tunatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni. Atakayeweza kuja kukaa na Mama nikishughulikia malipo na mafaili, anipigie kabla ya Jumatatu jioni.