Kumbe gitaa halikuwa na kosa

Wiki nzima nimelilaumu gitaa bure. Kila nikirekodi wimbo wa taratibu, besi inavuma kama pipa tupu. Kumbe maikrofoni nilikuwa nimeielekeza kwenye tundu lenyewe la gitaa, pale pale mvumo unapotokea.

Juzi usiku, mtaa wetu wa Mwanga umetulia, nikaisogeza maikrofoni mpaka usawa wa freti ya 12 (kile kichuma cha 12 kwenye shingo ya gitaa), umbali wa sentimita 25 hivi. Nikatundika mablanketi mawili ukutani, maana chumba changu ni saruji tupu na bati juu, kinarudisha sauti kama kisima. Tofauti niliisikia kabla hata ya kugusa kompyuta.

Kile kiplastiki cha kupigia nimekiweka kando. Kwa balladi, yaani nyimbo za taratibu, napiga kwa nyama ya dole gumba, si kucha. Noti inaanza taratibu, haichomi. Nyuzi ni za fosfa bronzi, mchanganyiko wa shaba, nilizifunga siku tatu kabla. Zikiwa mpya kabisa zinalia kama kengele, mimi sizipendi hivyo.

Kwenye programu ya kurekodi nimepunguza kidogo sauti za karibu na hezi 200 (hezi ni kipimo cha uzito au wembamba wa sauti), nikakata zote za chini ya 80. Hapo hupotezi kitu, uzi mnene wa E wenyewe unaanzia 82. Mwangwi nimeongeza kidogo tu.

Dada yangu akaita kutoka uani: "Leo umeazima gitaa la nani?" Alikuwa anakaanga migebuka. Ukisikiliza vizuri mwishoni mwa rekodi, mafuta yanasikika.