Konda na Suka

Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo tu. Kidato cha kwanza mambo yakageuka: jiografia Kiingereza, baiolojia Kiingereza, hata kukaripiwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mchana ule mwalimu aliporudisha madaftari yamejaa wino mwekundu, hakuna aliyeshangaa. Aliandika ubaoni sentensi aliyoikuta, alisema, karibu kila daftari: Did you went to the market?

"Kosa liko wapi?"

Kimya. Kitabu kilikuwa kimetuambia kuna kitenzi kikuu na kitenzi kisaidizi, kikaorodhesha be, have, do, can, may, must, will na wenzao. Orodha tuliikariri kama tenzi. Kazi yake hatukuijua.

Mwalimu akamwita mbele mwenzetu mmoja ambaye, darasa zima lilijua, Jumamosi hupiga debe Mbagala.

"Bwana mdogo, abiria akitaka kujua nauli anamuuliza nani?"

"Konda, mwalimu."

"Suka hajibu?"

"Suka anaendesha tu, mwalimu. Labda konda asiwepo."

"Hapo hapo!" Akaandika You went. Kitenzi kikuu ni suka, kisaidizi ni konda, akasema. Gari hili halina konda, kwa hiyo suka mwenyewe anabeba wakati uliopita. Ukitaka kuuliza au kukanusha, anapanda konda, did, na huo wakati uliopita anaupokea yeye; suka anabaki go, mikono mitupu: Did you go? Na ile s ya he goes? Does akishaichukua, suka hana chake: Does he go?

Hatukuwa wajinga, nasema hivyo mpaka leo. Kiswahili chetu hukiachia kila kitenzi alama zake: nilikuwa ninasoma, mtenda mara mbili, wakati mara mbili. Aliyelelewa hivyo, did you went inamtoka bila kufikiri. Vitabu vingeanzia hapo, vingetupunguzia wino mwingi.

Maswali yakaanza kumiminika, jambo ambalo kwenye kipindi cha Kiingereza halikuwa la kawaida. Msichana mmoja wa dirishani akasema, "Mwalimu, What do you do? Hapo do ziko mbili." Mwalimu akacheka. Ya kwanza konda, ya pili suka. Do na have wana leseni zote mbili, ndiyo maana mtu husema I have had. Mpiga debe wetu akadaka: mbona hakuna he cans? Akajibiwa kwamba can, must, may na will ni makonda wasiovaa sare, s hawaitaki kabisa.

Nikauliza kuhusu He should have been going, ambayo niliiona mahali na ikanitia hofu. Darasa likaguna. Mwalimu akaihesabu kwa chaki: should, have, been, wasaidizi watatu kwa suka mmoja. "Hilo ni lori, lina konda na matingo. Lakini anayejibu ni yule aliyesimama mlangoni." Akamhamisha should peke yake: Should he have been going? Not nayo ikabandikwa kwa huyo huyo.

Zoezi lililofuata did you went zilipungua sana. Ila kuna aliyeandika He did can swim, na pembeni, kwa wino uleule mwekundu, mwalimu akamjibu kwa Kiswahili: "Makonda wawili, mlango mmoja. Nani anakusanya nauli?"