Saa nane, Mama

Juzi usiku nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha pili, umeme umekatika, natumia mwanga wa simu. Mtoto mmoja kaandika, "Tulikaa njiani kwa masaa manane." Kalamu nyekundu ikaenda yenyewe, ikafika juu ya "masaa", maana kwa Kiswahili sanifu wingi wa saa ni saa, ikasimama. Nikaiweka insha ile kando, nikasahihisha nyingine kumi, nikairudia, nikaiweka kando tena.

Nilikuwa nimemkumbuka Mama na saa nane yake.

Ilikuwa 2014, mwezi wa sita, na mnajua kibaridi cha Newala mwezi huo. Magoti yalikuwa yamemshinda, naye hakubali mikorosho ipulizwe salfa bila yeye kusimama pale na kuelekeza. Nikamwambia ashuke Mtwara. Akashuka, akakaa kwangu Chikongola siku nne akililalamikia joto, tukaenda hospitali, akapigwa picha, tukaambiwa magoti yamesagika: dawa ya kurudisha yalivyokuwa hakuna, ya kutuliza ipo. Ibuprofeni, miligramu 400.

Kwenye dirisha la dawa yule dada aliandika 1 x 3 juu ya bahasha, akasema, "Kutwa mara tatu, baada ya kula," macho yake tayari yako kwa aliyekuwa nyuma yetu. Ningeishia hapo, haya yote yasingetokea. Lakini mimi ni mwalimu. Hilo "kutwa" lilinikera. Kutwa ya nani? Kutwa ya mkulima inaisha jua likizama. Nikauliza, "Mara tatu maana yake kila baada ya saa nane, sivyo?" Akasema ndiyo. Nikatoka pale kifua mbele, kama niliyemsaidia kazi.

Kesho yake stendi, Mama yuko ndani ya basi, mimi niko chini nimeshika ukingo wa dirisha, watu wanapandisha magunia, wauza karanga wananipita kwapani. Nikamwinulia bahasha.

"Kidonge kimoja, Mama. Kila saa nane."

"Saa nane."

"Saa nane. Usipitishe."

"Na usiku?"

"Na usiku vilevile. Usiruke hata siku moja."

"Na lazima nile kwanza?"

"Lazima. Dawa hii ikikuta tumbo tupu inalichoma."

Akaikunja bahasha, akaifunga kwenye pindo la kanga. Konda akapiga bodi. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Maelekezo yamerudiwa, mgonjwa ameuliza maswali, majibu ameyapata. Hata darasani sipati mwanafunzi msikivu vile.

Wiki mbili hizo tulikuwa tunazungumza kwa simu. Dawa vipi? Inafanya kazi, lakini ina ratiba yake kama basi. Asubuhi naamka vizuri tu, ikifika saa nne magoti yanawaka moto. Alasiri nimepona kabisa, nakwenda mpaka kwa shangazi yako na kurudi. Nikishaswali isha yanaanza tena, sipati usingizi. Mimi namjibu avumilie, dawa inahitaji muda kuzoea mwili. Hilo sikuambiwa na daktari yeyote, nilijitungia. Nilifika mpaka kupanga kumrudisha hospitali, wampe kitu chenye nguvu zaidi.

Shule zilikuwa zimefungwa, nikapanda. Lami wakati huo ilikuwa haijafika huko, nikaingia nyumbani nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi, nikalala mapema chumba cha mbele.

Katikati ya usiku simu ikalia. Siyo yangu. Mlio wa jogoo, ule wa simu za vitochi, unakuja kutoka chumbani kwa Mama. Ukazimwa. Nikasikia kitanda, kisha ule mguno mfupi anaoutoa akiyakunjua magoti, kisha kandambili zinaburuzwa kwenda sebuleni. Nikafikiri anakwenda msalani. Lakini mlango wa nje haukufunguliwa. Nikanyanyuka, nikasogeza pazia.

Mama alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha mbele, amejitanda kanga mbili na juu yake koti la marehemu Baba. Tochi ya simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, mwanga unampiga kifuani. Mapajani ana bakuli. Ndani yake vipande vya muhogo uliochemshwa jioni, vimepoa, vimekuwa vigumu. Akachukua kimoja, akakipasua kwa vidole gumba, akauchomoa ule uzi wa katikati, akauweka pembeni ya bakuli kwa uangalifu kama anayeuhesabu. Akamega, akachovya kwenye chumvi, akaanza kutafuna kwa upande wa kushoto ambako meno yamebaki. Alitafuna polepole, macho ameyafumba, hana njaa hata kidogo. Alikuwa anakula kama mtu anayelipa deni. Vipande viwili. Cha tatu alikitazama, akakirudisha. Ndipo akafungua pindo la kanga, akatoa bahasha, akatoa kidonge, akasema bismillahi, akameza kwa maji ya vuguvugu. Akapiga mbweu, akajishika chini ya kifua, akakunja uso.

"Mama, unafanya nini?"

Hakushtuka. "Na wewe umeamka? Saa nane hii, nakunywa dawa yako."

Nikaitazama simu. Saa nane na dakika kumi na mbili. Usiku.

"Na nyingine unakunywa saa ngapi?"

Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wanaouliza swali ambalo jibu lake liko ubaoni. "Saa nane. Ya mchana. Si ulisema usiku vilevile?"

Nikakaa chini mkekani. Nilichoambiwa dirishani ni kila *baada ya* saa nane. Hilo "baada ya" lilidondoka stendi, nadhani pale kati ya magunia na karanga, na lililobaki Mama alilitii kuliko ninavyotiiwa na mtu yeyote. Kidonge mchana, kidonge usiku, saa kumi na mbili kamili katikati, na dawa yenyewe haifiki huko. Ile ratiba ya basi aliyokuwa ananisomea kwenye simu ilikuwa ni dawa inayoisha mwilini: saa nne asubuhi, na baada ya isha. Mjukuu ndiye aliyemtegea simu. Muhogo aliuwekea akiba kila jioni kwa sababu nilisema lazima ale. Siku kumi na sita.

Na kumbe lile pengo la saa nne asubuhi alikuwa ameshaliziba. Jirani alimpa diklofenaki zake, "zile za manjano, nzuri sana." Hapo ndipo niliogopa kweli, maana hizo mbili ni ukoo mmoja, hazinywewi pamoja, zote zinachokoza tumbo, na kiungulia alikuwa ameshaanza kukisikia. Alikificha kwa sababu hakutaka niseme hakula vizuri.

Asubuhi tukaenda zahanati. Tabibu kijana, mdogo kuliko wanafunzi wangu wa kwanza. Akaziondoa za manjano, akaulizia tumbo, akaulizia rangi ya choo, akampima presha, akasema apumzike zote siku chache kisha arudi. Aliporudi, alichukua bahasha mpya, akachora jua linachungulia mlimani, jua la utosini, na mwezi. Chini ya kila moja akaweka nukta moja. Kisha akamwambia, "Haya bibi, sasa nifundishe mimi. Utakunywaje?"

Mama akaeleza. Akauliza na siku za mawingu itakuwaje. Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nashika mkoba.

Nikaja kupiga hesabu baadaye: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Kwa hiyo ya mchana alipatia. Nilipomwambia alisema, "Basi nipe alama yangu moja."

Kilichonisumbua miaka yote hii ni kitu kidogo, na kukisema mbele ya walimu wenzangu ni aibu. Kama ningekuwa mtu wa kawaida, ningesema "kila baada ya masaa manane", kosa ninalolikata kila wiki, na pengine Mama angeelewa pale pale dirishani kwamba hiyo si saa ya ukutani. Kiswahili changu safi ndicho kilichomkalisha mkekani usiku na muhogo wa baridi. Asubuhi hii nikampigia nimuulize.

"Masaa manane?" akafikiri kidogo. "Ningesikia usiku wa manane. Ile ya mchana ningeacha kabisa." Kisha akauliza kama korosho alizomtuma kijana zimefika.

Insha nimeipa kumi na saba kwa ishirini. Masaa nimeyaruka. Sasa sijui kesho nitamwambia nini yule wa dawati la mbele, niliyemkata alama mbili wiki iliyopita kwa neno hilohilo.