Nilivyotenganisha madaraja na vifaa vya kawaida kwenye PCI

Nilikuwa naandika kaprogramu ka kuchora mti wa vifaa vyote vya PCI (njia inayounganisha kadi na vipande vingine ndani ya kompyuta) kwenye mashine, na mti hautoki kama hujui kila unachokikuta ni daraja, yaani kina basi lingine (bus, njia ambayo vifaa vinaunganishwa) nyuma yake, au ni kifaa cha kawaida kama kadi ya mtandao ambacho mwisho wake ni hapo hapo.

Wengi wanakimbilia namba ya klasi, yaani aina ya kifaa, ile inayokaa baiti ya 0x09 mpaka 0x0B kwenye taarifa ambazo kila kifaa kinajieleza nazo (namba hizi ni za hex), maana klasi 06 ni madaraja. Mimi sikuitegemea kabisa, kwa sababu hiyo 06 imebeba mchanganyiko: 0600 ni daraja la hosti, linalounganisha prosesa na PCI, 0601 la ISA, mfumo wa zamani wa kadi, 0604 ndo la PCI kwenda PCI, na hayo mawili ya kwanza heda yake, yaani mpangilio wa hizo baiti za mwanzo, ni ile ile ya kadi ya sauti. Sasa chukua daraja la hosti, lifanye kama la PCI, usome 0x19 ukitegemea namba ya basi la chini. Pale kwenye heda ya kawaida ni katikati ya rejista ya anwani, sehemu inayoshika anwani ya kifaa, mara nyingi unakuta sifuri, na basi namba sifuri ndo lile lile uliloanzia, kwa hiyo programu inajiita yenyewe humo humo haitoki.

Kinachoamua ni baiti moja, 0x0E, aina ya heda. Kwenye Linux kila kifaa kina faili lake la config chini ya /sys/bus/pci/devices na baiti 64 za mwanzo unazisoma hata kama sio root, yaani msimamizi wa mashine, zinatosha kabisa. Nikafungua moja nikaona 81. Hapo usilinganishe na 1 moja kwa moja, ile biti ya juu kabisa inasema tu kifaa kina fanksheni (vifaa vidogo ndani ya kimoja) zaidi ya moja, haihusiani na udaraja, ikate kwanza kwa AND na 0x7F ndo inabaki 1, daraja la PCI. Ukiona 80 inabaki 0, kifaa cha kawaida. 2 ni CardBus, nafasi ya kuchomeka kadi kwenye laptop za zamani, nayo niliiweka upande wa madaraja maana ina basi nyuma yake.

Ile biti ya juu usiitupe lakini, kama unaskani basi mwenyewe bila msaada wa kerneli (kiini cha mfumo) ndo inakwambia uendelee na fanksheni 1 mpaka 7, na namba ya mtengenezaji ikirudi FFFF ujue hapo hakuna kitu.

Nikishapata 1 nasoma 0x19 kupata basi linalofuata na 0x1A kujua mwisho wa namba za mabasi yaliyo chini yake, nashuka. Nililinganisha na lspci -t, amri ya Linux inayochora mti huo huo, matawi yote yamekaa sawa, mpaka zile poti za PCI Express ambazo nazo zinajitambulisha kama daraja.