Ada ya mwaka au nauli ya Nansio

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, anaishi Marekani na ameolewa na mtu mwenye asili ya Ireland. Anataka tuchangie ada ya mwaka ya tovuti moja kubwa ya nasaba ili wanawe wajue pande zao zote mbili. Sikumjibu haraka. Bibi zetu wanapungua, na uamuzi huu unahusu tutafute wapi wakati bado wapo wa kuulizwa.

Kwa upande wa shemeji sina ubishi. Tovuti hizi zina sensa za Uingereza zenye majina ya watu kuanzia 1841, sensa za Marekani hadi ile ya 1950 iliyofunguliwa mwaka 2022, orodha za abiria wa meli, kumbukumbu za ndoa na vifo. Kwa familia kama yake, ada hiyo ina kazi ya kufanya. Nilimshauri tu aanze na vya bure: sensa za Ireland za 1901 na 1911 zinatolewa mtandaoni na Hifadhi ya Nyaraka ya nchi hiyo bila malipo, na tovuti ya FamilySearch, inayoendeshwa na kanisa la Wamormoni la Utah, haidai hata senti. Akishindwa huko ndipo atoe namba ya kadi ya benki. Na aandike mahali tarehe ya mwisho ya majaribio ya bure, maana siku hizo 14 zikiisha fedha inakatwa yenyewe kwenye kadi.

Upande wetu ndio ulioninyima usingizi. Nilipoandika jina la babu mzaa mama, nililetewa watu wa mabara mengine kabisa. Mashine inafuata jina moja linaloshuka kutoka baba hadi mwana, kizazi hadi kizazi. Usukumani mtoto wa Mabula huitwa Masanja Mabula, na mtoto wa Masanja huitwa Kulwa Masanja. Mpaka hapo Mabula ameshatoka kwenye maandishi, ingawa nyumbani kila mtu anajua Kulwa ni wa nani.

Tarehe nazo. Tovuti inataka siku, mwezi na mwaka. Shangazi anasema marehemu kaka yake mkubwa alizaliwa mwaka reli ilipofika Mwanza. Basi ni 1928. Mimi naliamini jibu hilo kuliko vyeti vingi vilivyoandikwa miaka mingi baadaye kwa kukisia, kila mtu tarehe mosi Januari au mosi Julai. Ila mtu lazima awepo wa kumuuliza shangazi.

Kuna jambo linaloniuma. Baba yake babu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, na hakurudi. Kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola zinatafutwa bure, nikamtafuta. Hayumo. Mwaka 2021 tume hiyo ilitoa ripoti inayokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuenziwa kwa majina, na huenda hawakuenziwa kabisa. Hakuna ada itakayofungua ukurasa ambao haukuandikwa. Jina lake tunalo sisi, na tusipoliandika sisi litapotea.

Kilichoandikwa kwetu kiko karibu kuliko nilivyodhani. Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika pwani hii ya Ziwa Victoria, Kageye, mwaka 1878, na misheni ya Bukumbi ikaanza 1883. Kitabu cha ubatizo kina jina la mtoto, wazazi wake, msimamizi wake, na mara nyingi pembeni padri ameongeza kwa Kilatini habari za kipaimara na ndoa. Mstari mmoja unaweza kukupa vizazi viwili. Kurasa za parokia ya bibi mzaa mama, kule kisiwani Ukerewe, sikuzikuta kwenye tovuti yoyote niliyofungua. Ziko kabatini parokiani, zinaliwa na mchwa na unyevu wa ziwa.

Nimemjibu dada: wewe lipia upande wa shemeji, mwaka mmoja, kisha usitishe; mti wa ukoo utabaki hata nyaraka zikifungwa. Majina ya ndugu walio hai usiyaweke huko, hasa ya watoto. Mchango wangu utakuwa nauli ya meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, na kinasa sauti. Amekubali, na ameongeza fedha ya kumnunulia bibi mdogo kitenge.

Paroko ameniruhusu kuangalia vitabu siku ya kazi, baada ya misa ya asubuhi, mbele ya katekista. Bibi mdogo nitamwacha aongee Kikerewe chake bila kumkatiza. Nitaanza na mama yake: alitoka kijiji gani, aliolewa na nani kwanza, na wale watoto waliofariki wadogo, ambao hakuna anayewataja, waliitwa nani.