Shamba la shangazi
Leo nimetoka Misungwi kwa shangazi, vumbi bado liko miguuni.

Lile shamba la mteremkoni mnalikumbuka? Lilikuwa luseni tupu, yaani udongo wa kichanga. Mvua ikinyesha, samadi yote ilikuwa inashuka bondeni. Mahindi yalikuwa yanaishia magotini.

Baba wadogo walimshauri auze, atie hela kwenye dagaa. Akagoma.

Akapiga matuta ya kukinga maji, akaanza kisiki hai: visiki having'olewi, anabakiza machipukizi machache yenye nguvu, mengine anapogoa. Kipande cha juu kakifanya ngitili, malisho ya akiba, kama wazee wa Kisukuma. Ng'ombe hawagusi mpaka kiangazi kikaze.

Leo kapiga jembe mbele yangu chini ya mti.

Udongo mweusi, una unyevu, na nyungunyungu mnene akajikunja kiganjani mwake. Shangazi anacheka kama kaokota noti!

Na noti zipo. Kuni hanunui, mihogo anapeleka mnadani, ada ya chuo ya binti yake imelipwa bila kuuza mbuzi. (Baba wadogo sasa wanaomba mbegu.)

Ila kazi ni ngumu jamani, na mwaka wa kwanza huoni kitu.

Wa Magu, Kwimba, Sengerema, nani kajaribu? Ng'ombe wa jirani mnawazuiaje?