Siku moja maishani mwangu: zamu ya asubuhi Isanga

Saa 11:30 alfajiri. Dodoma mwezi wa saba ina upepo unaopenya hadi kwenye mifupa. Najaza chai ya watoto kwenye chupa, najifunga kanga juu ya sweta, natoka. Kwenye daladala nikisema "nishushe Mirembe", lazima kuna atakayecheka. Hospitali hiyo inapokea wagonjwa wa akili tangu 1927, na jina lake watu wameligeuza tusi. Linaniuma, kwa sababu wanaotukanwa nawajua kwa sura.

Mimi ni muuguzi. Wodi yangu iko Isanga, taasisi ya Mirembe inayopokea watu walioletwa kwa amri ya mahakama.

Saa 1:30. Tunakabidhiana zamu. Tunahesabu watu, tunahesabu funguo, tunahesabu vijiko. Mwenzangu wa usiku ananiambia, "Yule wa kitanda cha dirishani hakulala." Natazama faili: siku ya 39. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inatoa siku 42 tangu mshitakiwa alazwe hadi taarifa ya daktari kuhusu akili yake iende mahakamani. Zimebaki tatu.

Saa 2. Uji na dawa. Yule wa dirishani nampa mwenyewe. Haloperidoli, dawa ya ugonjwa wa akili, imemtuliza, ila ilimkaza shingo, tukamwongezea benzheksoli ya kupunguza madhara hayo. Mkono bado unatetemeka. Kikombe cha bati kinagonga meno yake. Namshikia kikombe kwa chini bila kusema kitu. Baada ya kumeza anafungua mdomo mwenyewe nione. Wiki ya kwanza alikuwa anazitema dawa.

Saa 4. Mahojiano yake na daktari bingwa. Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo, hata ndugu wa wagonjwa. Maswali ni mawili na kila moja lina siku yake. La kwanza ni la leo: je, anaelewa anashitakiwa kwa nini, anaweza kufuatilia kesi na kumweleza wakili wake habari zake? La pili ni la siku ya tukio: je, ugonjwa ulimzuia kujua anachokitenda, au kujua kwamba hakipaswi kutendwa? Mtu anaweza kuwa mzima kabisa leo na siku ile hakuwa yeye.

Daktari anamuuliza, "Jaji kazi yake nini?" Kimya. Wakili je? Kimya. Ni Msukuma, Kiswahili chake cha kubahatisha. Namwomba afande mmoja anayejua Kisukuma atusaidie, na swali likifika kwa lugha ya nyumbani kwao, majibu yanakuja moja baada ya jingine. Jaji ni yule anayesikiliza pande zote halafu anaamua. Nimeshaona ukimya wa namna hii ukiandikwa "haelewi". Kutojua mahakama si wazimu. Jirani zangu wangapi wanaweza kumtofautisha wakili wa serikali na wa utetezi?

Daktari anakaa naye nusu saa. Sisi tunakaa naye mchana na usiku, kwa hiyo naandika kila kitu: amelala saa ngapi, amezungumza na nani, ameoga bila kuambiwa.

Saa 6. Bustanini kuna mzee anapalilia mchicha. Mahakama ilikubali kwamba kitendo alikitenda, ila kwa sababu ya ugonjwa hana hatia. Uamuzi huo haukumpeleka nyumbani. Mtu wa namna hiyo hushikiliwa kama mgonjwa hadi itolewe amri nyingine. Ametulia muda mrefu. Ndugu zake tuliwapigia simu, wakasema kijiji hakijawa tayari. Kila Jumatatu ananiuliza, "Binti yangu, wamepiga?" Leo ni Jumatatu. Namjibu ukweli.

Saa 7. Ugali na maharage. Hapa nasimama karibu na dirisha, kwa sababu kuna kitu nimekuwa nikikifuatilia. Kijana wangu wa kitanda cha dirishani anashitakiwa kwa kumuua mama yake mzazi. Tangu aletwe, kila mlo alikuwa anakata tonge moja, analiweka ukingoni mwa sahani. "La mama," alikuwa akisema, "atakuja njaa inamuuma." Tulikuwa tunamwachia.

Leo sahani haina tonge la pembeni. Hakula pia. Ametazama ugali hadi ukapoa, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake hicho hicho, "Sista, mama walimzika wapi?"

Nimefanya kazi hii miaka mingi, na swali hili bado hunikata miguu. Tunampa mtu dawa apone ili aweze kusimama mahakamani, na kupona kwenyewe ni kukumbuka. Sauti za kichwani zikinyamaza ndipo msiba unaanza, peke yake, mbali na kwao, bila tanga wala wa kumshika bega. Nimekaa naye sakafuni. Nimemwambia sijui, lakini nitaomba ofisi ya ustawi wa jamii iulize kwao. Amelia kama mtoto. Sikumzuia.

Saa 9. Naandika faili. Naanza na swali lake, neno kwa neno. Chini naandika: hatari ya kujidhuru, asiachwe peke yake. Kwa daktari, leo ndiyo dalili kubwa kuliko zote kwamba anaweza kusomewa shitaka. Kwangu, ndiyo siku ya kumlinda kuliko zote.

Saa 9:30. Nakabidhi zamu. Tunahesabu watu, funguo, vijiko. Namwomba mwenzangu asogeze kile kitanda kutoka dirishani kije karibu na meza ya wauguzi, na shuka lake alikague mwenyewe. Tunakisukuma pamoja. Kijana anakitazama kinavyohama, anakuja kushika upande wa tatu.